Sentensi ya Nne

Machi 6

Mvua ya kwanza imenyesha leo, saa nane mchana, nami nimefungua daftari jipya. Mjukuu wangu amepiga simu kutoka chuo cha urubani wa jeshi. Amesema kwamba kabla mvua hizi hazijakatika atakuwa amechagua aina ya ndege atakayoirusha maisha yake yote. Njia ni tatu: ndege za kivita, ndege za mizigo, na helikopta. Ukishaingia katika moja, huruhusiwi kurudi nyuma.

Nilimwuliza ameamua nini.

"Babu, simu hii ina foleni nyuma yangu," akasema, akakata.

Sikulipenda jibu hilo. Halikuwa jibu.

Machi 7

Mvua.

Machi 9

Nimekwenda kwa kinyozi. Habari zinafika kwake kabla ya wateja.

"Mwalimu, nasikia mjukuu wako atapewa wale ndege wakubwa wa vita."

"Ndege kubwa," nilimsahihisha. "Ndege wakubwa ni mbuni."

"Basi mbuni haruki, Mwalimu. Si afadhali huyo?"

Waliokuwa kwenye benchi walicheka. Nilirudi nyumbani nikiwa nimenyolewa vizuri na kunyamazishwa.

Machi 12

Helikopta imepita juu ya nyumba saa tatu asubuhi. Mkwe wangu, mjane wa mwanangu, alikuwa sebuleni akishona sare za shule. Ikipita helikopta, mguu wake huacha kanyagio la cherehani. Hainui kichwa. Hungoja mpaka mlio upotee kabisa, kisha huendelea palepale sindano ilipokuwa. Ni mwaka wa kumi na mbili sasa tangu mwanangu afe, na sijawahi kumwona mwanamke huyu akilia. Siku ya mazishi aliuliza kama viti vinatosha. Tangu siku hiyo nimemhesabu kuwa mtu wa moyo mkavu, ingawa chakula changu hakijawahi kuchelewa.

Machi 15

Nimetafuta cheti changu cha pensheni sandukuni nikaikuta barua ya rambirambi. Mwanangu alikuwa rubani wa helikopta. Alitumwa kuwachukua watu waliozingirwa na maji, ukungu ukashuka, na helikopta ikagonga waya za umeme. Barua hiyo ina makosa mawili ya upatanisho. Nimeyaona yamezungushiwa wino mwekundu. Nakumbuka niliyazungushia kabla sijalia.

Nimeirudisha chini kabisa ya sanduku. Cheti sikukipata.

Machi 18

Mvua tangu alfajiri. Redio inasema hali ya mpakani si shwari. Mtangazaji anasema "wanajeshi walioko mpakani wako tayari kwa lolote". Ni kauli sahihi, na sikuipenda.

Machi 21

Mjukuu amekuja kwa ruhusa ya siku mbili. Aliacha buti barazani, akaingia na soksi, akamwamkia mama yake, kisha akaja kuniamkia mimi. Shingo imekonda. Wenzake wamempachika jina la Kamusi kwa sababu huwasahihisha wanapozungumza kwenye redio ya ndege. Alilalamika, lakini mdomo wake ulikuwa ukicheka. Ni wa kwanza darasani mwao.

Baada ya chakula cha mchana alinisogezea karatasi. Mwombaji anatakiwa aandike kwa mkono wake, katika ukurasa mmoja, njia anayoichagua na sababu zake. Hakuna kisanduku cha kutia alama wala orodha. Chini kumechapishwa hivi: *Maelezo yasiyoeleweka hayatarudishwa. Kamati itaamua kwa niaba ya mwombaji.*

"Na kamati ikiamua yenyewe, hupeleka watu wapi?" niliuliza.

"Mizigo. Huko ndiko wanakopungukiwa na watu." Alikunja mikono. "Babu, hii ni rasimu. Nisahihishie, nikanakili safi chuoni. Usinionee huruma."

"Nimewahi kukuonea?"

"Hata siku moja. Darasa la tano ulinipa sifuri mbele ya watu."

"Ulistahili."

"Nilistahili," alisema, akaenda kumsaidia mama yake kukunja vitambaa.

Nilikaa mezani na kalamu yangu nyekundu. Mvua ilikuwa ikigonga bati, na sikusikia kitu kingine chochote. Maandishi yake ni mazuri. Amezieleza njia zote tatu kwa heshima: ndege za kivita zinalinda, ndege za mizigo zinalisha, helikopta zinashuka mahali pasipo na barabara wala uwanja. Kisha ikaja sentensi ya nne:

*Sikuchagua helikopta kwa sababu baba yangu alifia ndani yake.*

Nilijua papo hapo anakusudia nini. Ameichagua helikopta, ila anataka waelewe kwamba kifo cha baba yake sicho kilichomsukuma. Lakini sivyo alivyoandika. Kikanushi kimekaa kichwani pa sentensi, nacho kinatawala kitenzi. Msomaji mwenye haraka atasoma kwamba hakuichagua helikopta, na kwamba sababu ni kifo cha baba yake. Nilifundisha jambo hili miaka thelathini na minane. Mwandishi halioni kosa la namna hii kwa sababu yeye anajua alichokusudia; ndiyo maana kuna wasahihishaji.

Niliusoma ukurasa mpaka mwisho, nikausoma tena. Hiyo ndiyo sentensi pekee inayotaja chaguo lake.

Nilisahihisha mkato uliokaa vibaya katika sentensi ya pili. Katika ya sita nilibadilisha "hiyo hali" kuwa "hali hiyo". Katika ya tisa upatanisho ulikuwa umeteleza, nikaurekebisha. Kisha kalamu ikarudi juu ya sentensi ya nne, ikasimama hapo.

Sikuigusa.

Mwishoni mwa ukurasa nilitia alama ya vema, kubwa, kama nilivyokuwa nikiwatilia waliofaulu.

Machi 22

Ameondoka asubuhi. Mlangoni aliitazama ile karatasi.

"Makosa matatu tu?"

"Matatu tu."

"Hakuna kingine?"

"Hakuna."

Alinibusu mkono. Harufu ya sabuni ya kambini ni ileile aliyokuwa nayo baba yake.

Nimemwambia uongo kwa neno moja. Neno lenyewe halina kosa.

Machi 23

Mvua. Sikula vizuri.

Machi 26

Nimejitetea siku nne mfululizo, na leo nimechoka na wakili wangu. Nilijiambia: ndege za mizigo ni kubwa, hupaa juu ya mawingu, hutua kwenye viwanja vyenye taa, na rubani wake huzeeka. Nilijiambia kwamba si mimi niliyeandika sentensi hiyo. Nilijiambia kwamba kuacha si kutenda. Lakini niliwahi kumchapa mwanafunzi aliyemwacha mwenzake anakili jibu baya huku yeye akilijua lililo sahihi. Jina lake nimelisahau. Uso wake ninao.

Machi 29

Kinyozi tena. Nilikuwa sihitaji kunyolewa. Nilihitaji kukaa na watu.

"Mwalimu, wa kwanza darasani hawapewi kubeba magunia. Serikali haina kichaa. Huyo ni vita moja kwa moja, hasa wakati huu wa mpakani."

Nilimwambia kamati ikiamua yenyewe hupeleka watu kwenye mizigo.

"Hao ni wale wa mkiani," alisema, akanipuliza nywele shingoni. "Wa mkiani ndio wanaopelekwa palipobaki."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Miaka thelathini na minane nimewafundisha watu kusoma sentensi mpaka mwisho, nami nilisoma nusu ya jambo hili nikaridhika nayo. Atasomwa kwamba helikopta haitaki. Watatazama alama zake. Watampa ndege ya kivita, nami nitakuwa ndiye niliyemkabidhi.

Nilisimama kabla hajamaliza upande wa kushoto.

Machi 30

Nimepiga simu chuoni. Mtu wa mapokezi amesema wanafunzi wamekwenda mazoezi ya kurusha ndege kwenye uwanja wa porini, simu zao zimefungiwa, na watarudi mwezi wa tano.

"Na yale maelezo yao?"

"Yamekusanywa jana, mzee."

Aprili 2

Nimemwandikia barua. *Mjukuu wangu mpendwa, katika sentensi ya nne kuna kosa nililoliona.* Niliisoma, nikaichana. Ingalimfikia kabla ya jana ile, ingalikuwa barua. Sasa ni habari tu.

Aprili 5

Nimeandika nyingine, kwa mkuu wa chuo. Nimeichana pia. Mzee anayemwandikia mkuu wa chuo kwamba mjukuu wake haeleweki anamsaidia nani?

Aprili 8

Mvua. Helikopta mbili, zikifuatana. Kanyagio limesimama muda mrefu.

Aprili 11

Redio: mpakani wamerushiana risasi. Mkwe wangu alipunguza sauti bila kusema neno, akaniuliza kama nataka chai. Nilimjibu kwa ukali ambao haukumhusu.

Aprili 17

Leo nitaandika kila kitu, maana nikiacha sitalala.

Saa nne asubuhi redio ilitangaza kwamba ndege ya mafunzo ya jeshi imeanguka katika mvua kubwa, ikiwa na watu wawili, mkufunzi na mwanafunzi. Mmoja amefariki. Majina hayatatajwa mpaka familia zijulishwe.

Cherehani ilisimama. Mvua ilikuwa kubwa kiasi kwamba tulibaki tukitazamana kama watu walio pande mbili za mto.

Nilipiga simu chuoni. Inatumika. Nilipiga tena. Inatumika. Nilipiga mpaka kidole kikafa ganzi. Mkwe wangu alinyanyuka, akafungua mlango wa mbele, akaweka kigoda barazani, akaketi akiitazama barabara. Nilielewa anachongoja. Mara ya kwanza walikuja kwa gari la kijani, watu watatu, nao walifuta viatu kabla ya kuingia.

Nilitoka nikaketi karibu naye. Saa tano. Saa sita. Gari moja lilipita, jeupe, la watu wa maji. Mwanamke aliyekuwa na mwavuli alitusalimia, nasi tukamwitikia wote wawili kwa pamoja kama watoto wa shule.

Saa saba nilishindwa. Nilimwambia habari ya sentensi ya nne. Nilimwambia nilivyoiona, nilivyosahihisha nyingine tatu ili hii ijifiche, na ile alama ya vema. Nilimwambia nikiangalia maji yanayotiririka kutoka kwenye bati, maana uso wake sikuuweza.

Kisha akasema, "Baba, unakumbuka alipoomba kujiunga, cheti chake cha kuzaliwa kikapotea?"

"Nakumbuka. Tulipekua nyumba nzima."

"Hakikupotea. Nilikishonea ndani ya mto wa kulalia. Siku tatu nimelalia cheti cha mwanangu." Alifuta tone la maji gotini. "Alikuwa anapekua huku analia, na mimi nampekulia. Siku ya nne nikafumua mto, nikamwambia kilikuwa nyuma ya kabati. Akanishukuru, Baba. Akanikumbatia kabisa."

"Kwa nini ulikitoa?"

"Nilimwona akipekua sanduku la baba yake. Nikasema, huyu atakwenda tu, na mimi nitabaki na karatasi."

"Helikopta zikipita," niliuliza baadaye, "kwa nini unaacha kushona?"

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa jina lake na mtu wa nyumbani mwake. "Nasikiliza injini. Alinifundisha. Ikiwa nzima ina mlio wake. Nikiusikia unakwenda mpaka mwisho, basi kuna mke wa mtu leo atakula." Kisha akaongeza, "Wewe ulidhani nini?"

Sikumwambia nilichodhani kwa miaka kumi na miwili.

Saa tisa na nusu simu ililia ndani. Tulisimama pamoja, tukakwama mlangoni. Yeye ndiye aliyeifikia. Alisikiliza, akasema "ndiyo" mara mbili, akasema "Mungu awape nguvu", akaweka mkono ukutani.

"Si yeye," alisema. "Wamepiga kwa kila familia. Mwanafunzi ndiye aliyekufa. Kijana wa watu."

Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Kisha niliyasikia maneno yangu yakining'inia sebuleni, nikakumbuka kwamba kuna nyumba ambako gari la kijani limekwisha simama na watu watatu wanafuta viatu. Mkwe wangu alikwenda kwenye cherehani, akakaa, akashindwa kutia uzi. Alijaribu mara nne. Nilikwenda nikamtilia mimi, na miwani yangu. Hapo ndipo nilipomwona akilia, naye hakujificha.

Aprili 18

Mvua. Nimemwomba mkwe wangu radhi. Aliuliza ya nini. Nilimwambia ya viti vya siku ya mazishi. Hakunielewa, au alijifanya hakunielewa. Yote mawili ni adabu.

Aprili 24

Kinyozi hakutania leo. Alininyoa upande wa kushoto niliokuwa nikimdai.

Mei 3

Mvua imepungua. Hofu haijapungua. Nimezoea tu mahali hofu inapokaa, kama jino bovu.

Mei 9

Redio: mpakani wametulia. Redio hiyohiyo jioni: hawajatulia.

Mei 16

Chuo kimetuma ujumbe mfupi. Wanafunzi wamerudi kutoka mazoezini na wamepangiwa njia zao. Watapewa ruhusa ya siku tatu. Njia zenyewe hazikutajwa. Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi kuliko ulivyostahili.

Mei 20

Nimeandika ungamo langu kwenye karatasi ili nisibabaike nitakapolisema. Nimelisahihisha mara tatu. Lina kurasa mbili. Mkwe wangu alilisoma, akasema, "Baba, hapa umeomba msamaha mara moja na kueleza kanuni za kukanusha mara saba." Nimepunguza.

Mei 25

Amekuja leo. Jua limewaka tangu asubuhi, la kwanza baada ya wiki nyingi, na buti zake hazikuacha tope barazani. Alimkumbatia mama yake muda mrefu. Mimi aliniamkia kama kawaida, akaketi kwenye kiti kilicho mkabala na changu, mezani, palepale pa siku ile.

Nilitoa karatasi yangu. Kabla sijavaa miwani, na yeye alikuwa ametoa ya kwake mfukoni mwa shati, imekunjwa mara nne. Akaifungua, akaigeuza inielekee. Ilikuwa ile rasimu, na alama yangu nyekundu ya vema.

"Nilipoanza kunakili nilifika hapa," alisema, akaweka kidole kwenye sentensi ya nne. "Nikaisoma kwa sauti kwa ajili ya wenzangu. Mmoja akaniuliza, 'Kamusi, kumbe huitaki helikopta?' Nikamwambia hujui kusoma. Akasema soma tena. Nikasoma tena."

"Niliiona," nilisema.

"Najua uliiona. Ungekuwa hukuiona ningeogopa zaidi. Ningesema Babu anazeeka."

Cherehani haikuwa ikilia. Mama yake alikuwa ameshika kitambaa tu.

"Nilikuletea kosa kwa bahati mbaya," alisema. "Wewe ukanirudishia kwa makusudi."

Nilikuwa na ungamo langu mkononi, sikulisoma. Nilimwambia, "Nilitaka uzeeke."

Aliitazama meza. Hakukasirika, ningalifurahi angalikasirika. "Yule aliyeanguka," alisema, "ndiye aliyeniambia nisome tena. Alikuwa amechagua mizigo, Babu. Mama yake ndiye aliyemshauri. Alisema mizigo hailipuki, na marubani wake huzeeka."

Maneno ya mama huyo ndiyo niliyojiambia mimi mwezi wa tatu, nami sijawahi kumwona.

"Kwa hiyo uliandika nini?" nilimwuliza hatimaye, ingawa nilikwisha kujua.

"Niliandika ninachotaka. Nimepewa helikopta. Naanza tarehe tatu." Kisha akatoa kalamu yangu nyekundu kwenye kikombe inakokaa, akanisogezea. "Sasa isahihishe. Hii rasimu nitaiweka. Sitaki kuweka karatasi yenye kosa lililopitishwa na wewe."

Nilivaa miwani. Mstari nilioukata haukunyooka. Nilifuta neno la kwanza. Juu yake niliandika jingine, na kabla ya "kwa sababu" nikaongeza mawili, kwa herufi za kufundishia, nikamrudishia. Aliisoma karatasi mpaka mwisho, midomo ikicheza, kama alivyokuwa akisoma darasa la tano. Akaikunja mara nne, akairudisha mfukoni, upande wa moyo.

Sasa wamelala kidogo, yeye na mama yake, kitanda kimoja, mlango wazi. Ninainakili hapa ili nami niwe nayo:

*Nimechagua helikopta, na si kwa sababu baba yangu alifia ndani yake.*

Nimeipitia neno kwa neno. Haina kosa, na ninaiogopa hivyo hivyo ilivyo.